Wapimeni Waliokimbia Vita: Barua ya Wazi kwa Mabaraza ya Madaktari na Tume za Vyuo Vikuu Afrika Mashariki

Kwa Waheshimiwa Wenyeviti, Wasajili na Wajumbe wa mabaraza ya madaktari na tume za vyuo vikuu katika nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Waheshimiwa,

Naujua uzito wa dhamana mliyokabidhiwa. Saini ya msajili kwenye leseni ndiyo inayomfanya mama mjamzito wa Kasulu au wa Kisii alale kwenye meza ya upasuaji bila kuuliza aliyeshika kisu alisomea wapi. Mimi ni daktari niliyesajiliwa kwa utaratibu huohuo, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikisimamia madaktari watarajali wodini. Siombi mlegeze kamba. Nawaandikia kwa sababu wako vijana waliosomea udaktari katika nchi zilizoingia vitani, na kila wakibisha hodi kwetu tunawarudisha kwa sababu zisizohusiana hata kidogo na uwezo wao wa kutibu.

Nimeamua kuandika hadharani kwa kuwa maombi ya hawa vijana yanajibiwa moja moja, kila mmoja kwenye dirisha lake: lete cheti halisi, lete uthibitisho wa chuo, njoo baada ya miezi mitatu. Jambo linaloikuta jamii ya watu linahitaji jibu la sera, na sera mnaiandika ninyi.

1. Vita haikuwapa nafasi ya kupitia ofisi ya msajili.

Tarehe 15 Aprili 2023, katika siku za mwisho za Ramadhani, jeshi la Sudan na wapiganaji wa kikosi cha Rapid Support Forces (RSF) walianza kupigana katikati ya Khartoum. Jiji hilo limepokea wanafunzi wetu kwa miaka mingi. Familia za Unguja, Pemba, Tanga, Mombasa na Kampala zinakijua Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Afrika kama zinavyojua vyuo vya nyumbani, na baadhi ya watoto waliopelekwa huko walikwenda kusomea udaktari. Walijifungia mabwenini bila maji wala umeme, kisha wakapanda mabasi kuelekea mpaka wa Ethiopia. Kabla ya Aprili kwisha, Tanzania ilikuwa imewarudisha nyumbani raia wake wapatao 200, wengi wao wanafunzi. Kazi hiyo ilifanywa vizuri na inastahili shukrani.

Lakini mtu anayetoka bwenini huku mizinga ikilia hubeba pasipoti, simu na chupa ya maji. Haendi kitivoni kuomba transkripti yenye muhuri.

Mwaka mmoja kabla yake ilikuwa Ukraine, tarehe 24 Februari 2022. Na baada ya Sudan ikaja Goma, mwishoni mwa Januari 2025, kisha Bukavu katikati ya Februari. Hizi mbili za mwisho hatuwezi kuziita vita vya ugenini. Kongo ni mwanachama wa Jumuiya yetu tangu 2022, na wanafunzi wa Kivu wanazungumza Kiswahili. Bukavu ndiko iliko Hospitali ya Panzi ya Dkt. Denis Mukwege, aliyetunukiwa Nobeli ya Amani mwaka 2018. Mwanafunzi aliyepita kwenye wodi za Panzi ameona fistula na majeraha ya wanawake waliobakwa vitani, mambo ambayo watarajali wangu wengi wameyasoma kitabuni tu. Akivuka Mto Rusizi kuingia Burundi akiwa na mkoba mmoja, elimu hiyo anavuka nayo.

2. Uthibitisho mnaoutaka, hakuna wa kuutoa.

Hapa ndipo penye uchungu, kwa hiyo niruhusuni nikae kidogo.

Njia ya kawaida ya aliyesoma nje inaeleweka. Anapeleka cheti na matokeo kwenye tume ya vyuo vikuu. Tume inakiandikia chuo kilichotoa shahada, chuo kinajibu, shahada inatambuliwa. Baraza linampokea, anafanya mtihani, akifaulu anaingia utarajali, akimaliza anapewa leseni. Ni mpangilio mzuri, na umetukinga na vyeti vya kununuliwa. Tatizo ni kwamba ngazi ya kwanza kabisa inaitegemea ofisi ya nchi nyingine iwe wazi, iwe na kumbukumbu, na iwe na mtu wa kujibu barua.

Katikati ya Khartoum palikuwa uwanja wa vita kwa karibu miaka miwili. Ikulu yenyewe jeshi liliirudisha mikononi mwake Machi 2025. Majengo ya vyuo yaliporwa na mengine yakachomwa moto. Vyuo kadhaa vilihamia miji mingine au nje ya nchi vikaendelea kufundisha kwa mtandao, vingine havikuweza. Sasa mnapomwambia kijana wa mwaka wa tano alete barua ya msajili wa kitivo, mnamwambia alete barua ya mtu ambaye huenda naye ni mkimbizi mahali fulani, anatafuta mtu wa kumthibitisha yeye.

Nimekutana na kijana wa namna hiyo. Alibakiza mitihani ya mwisho tu. Kwenye simu yake ana picha za matokeo ya kila muhula, kadi ya mwanafunzi, na kurasa za logibuku, daftari lake la mafunzo ya wodini, zenye saini za madaktari waliomsimamia. Ofisi moja ilimrudisha kwa kuwa nakala hazina muhuri. Nyingine ikamwambia aanze upya mwaka wa kwanza akitaka. Niliketi naye mbele ya picha ya kifua ya mgonjwa mwenye kifua kikuu, nikamuuliza maswali ninayowauliza watarajali. Alijibu kama mtu aliyekesha wodini. Simtaji jina wala sizitaji ofisi hizo, kwa sababu waliomhudumia walifuata mwongozo walio nao. Ninachohoji ni mwongozo.

3. Udaktari unapimika, na vipimo mnavyo.

Zipo fani ambazo cheti kikipotea ni vigumu kujua mtu alijifunza nini. Udaktari haumo. Mpe mtu mgonjwa halisi. Msikilize anavyouliza historia, tazama mkono wake ukishika tumbo, muulize ataagiza vipimo gani na kwa nini, mpe mgonjwa wa dharura anayetokwa na damu baada ya kujifungua. Mlaghai anaweza kughushi muhuri wa chuo chochote duniani, lakini hawezi kughushi kuusikia moyo unaovuja mlango. Watahini watatu wazoefu, kwa siku mbili, watajua mengi kuhusu mtu huyo kuliko barua yoyote ya kitivo itakavyowaambia.

Mabaraza ya Tanzania, Kenya na Uganda tayari yana mitihani kwa waliosomea nje. Tatizo ni kwamba mtahiniwa hafiki kwenye chumba cha mtihani mpaka makaratasi yake yakamilike. Tumeuweka mlango wa mtihani nyuma ya mlango wa karatasi, na wa karatasi ufunguo wake uko Khartoum.

Wengine walikabiliwa na jambo hilihili wakapata njia. Mwaka 1941, Ujerumani ikiwa imevifunga vyuo vikuu vya Poland, Chuo Kikuu cha Edinburgh kilifungua kitivo cha udaktari kwa ajili ya Wapoland waliokimbia, wakafundishwa na maprofesa wa kwao pamoja na wenyeji. Hadi kilipofungwa mwaka 1949, kilikuwa kimetoa madaktari 227. Uingereza ilikuwa yenyewe inapigwa mabomu wakati huo, na haikusubiri barua kutoka Warsaw.

India ni mfano wa juzi. Ilirudisha maelfu ya wanafunzi wa udaktari kutoka Ukraine, na kwa mwaka mzima walizungushwa kama wanavyozungushwa wetu, hadi suala likafika kwenye mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo. Machi 2023 ikatoka njia: wanafunzi wa miaka ya mwisho waruhusiwe kufanya mtihani wa mwisho wa shahada ya udaktari (MBBS) wa India bila kusajiliwa kwenye chuo cha India, na watakaofaulu wafanye utarajali wa miaka miwili. Angalieni walivyofanya. Mtihani ni wa mtaala uleule wa Wahindi wengine, na utarajali ukarefushwa. Kiwango hakikushuka hata inchi moja, kilichoondolewa ni kikwazo. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na sisi tunaoijua methali hii tangu utotoni hatuna sababu ya kusubiri mahakama itufundishe.

4. Hofu yenu ninaishiriki, ila haiwahusu wote kwa kiasi kimoja.

Mwaka 2022 baraza la madaktari la Nigeria lilitangaza kwamba halitatambua shahada za udaktari zilizosomwa kwa mtandao kutoka Ukraine. Baraza lile lilikuwa na hoja. Kuzalisha hakujifunzwi kwenye skrini, wala kushona jeraha, wala kumwambia baba kwamba mtoto amefariki. Aliyemaliza miaka miwili ya mwisho akiwa sebuleni kwao hajawa daktari, hata awe na alama za juu namna gani, na mimi nisingekubali amguse mgonjwa wangu peke yake.

Ila tazameni tunaowaweka kapu moja. Yupo aliyemaliza miaka yote, akafaulu, akahitimu, kisha vita ikaanza kabla hajapewa cheti. Huyu ni daktari asiye na karatasi. Yupo aliyekuwa mwaka wa tano au wa sita, amezunguka idara nyingi za hospitali, amebakiza mbili au tatu. Huyu anahitaji wodi, tena upesi, maana mikono husahau. Na yupo wa mwaka wa pili au wa tatu, aliyesoma anatomia, fiziolojia na biokemia. Huyu anahitaji chuo kitakachompokea bila kumwambia kwamba viungo vya mwili alivyojifunza Khartoum ni tofauti na vya Dodoma. Mtu wa nne, aliyesoma sehemu kubwa ya kliniki kwa mtandao, naye ana njia yake: nadharia ihesabiwe akifaulu mtihani, kliniki airudie yote. Jibu moja kwa watu wanne hawa ni lazima liwadhulumu angalau watatu.

5. Tumeshafanya hivi, kwa wengine.

Mwaka 2023, Chuo Kikuu cha Sayansi za Tiba na Teknolojia cha Khartoum kilipohama, Rwanda ilipokea wanafunzi wake wa udaktari zaidi ya 100 wakaendelea na masomo. Kundi la wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa chuo hichohicho wakaja kufanya mafunzo ya kliniki katika Hospitali ya Taifa Muhimbili. Nilifurahi sana kusikia hayo. Vita vikiwa vinaendelea kwao, vijana wa Sudan walisimama kwenye raundi Dar es Salaam.

Waheshimiwa, chuo kile kilikuja kama chuo: kilikuwa na uongozi wa kuzungumza na hospitali na kuingia makubaliano. Mtoto wetu aliyerudi peke yake kutoka chuo kingine cha mji uleule hana mkuu wa kitivo wa kumsemea. Hali kadhalika Mkongo aliyefika kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale au kambi ya Nyarugusu. Naomba utu ule tulioutoa kwa taasisi tuutoe pia kwa mtu mmoja mmoja.

6. Nchi zetu ziliahidi.

Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, ibara ya 22, unazitaka nchi ziwatendee wakimbizi kwa namna nafuu iwezekanavyo katika elimu ya juu, ikiwemo utambuzi wa vyeti na shahada za nje. Nchi zetu zote ni wanachama. Mkataba wa kimataifa wa UNESCO kuhusu utambuzi wa sifa za elimu ya juu, ulioanza kutumika Machi 2023, unakwenda mbali zaidi: ibara yake ya 7 inataka uwepo utaratibu wa kuwapima kwa haki wakimbizi na waliohamishwa makwao, hata pale ambapo masomo yao hayawezi kuthibitishwa kwa hati. Jirani zetu Zambia walishajaribu pasi ya sifa ya UNESCO kwa wakimbizi, ambapo mtu anahojiwa na wataalamu, ushahidi alio nao unapimwa, kisha anapewa hati inayoeleza elimu yake. Hati hiyo si leseni ya kutibu, ni hatua ya kwanza tu. Hatua hiyo ya kwanza ndiyo tuliyoikosa.

7. Tunachopoteza kwa kusubiri.

Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba Afrika itapungukiwa wahudumu wa afya milioni 6.1 ifikapo 2030. Ninyi mnazijua takwimu za nchi zenu kuliko mimi. Mimi nijuacho ni zamu ambayo mtarajali mmoja anabeba wodi mbili usiku kucha.

Kuna na hili, ambalo ni la usalama na nawaomba mlitazame kwa makini. Mtu anayejua kutibu akinyimwa njia ya halali ya kutibu hasahau alichojua. Mwenye duka la dawa atamtafuta. Zahanati ya uchochoroni itamtafuta. Atachoma sindano bila msimamizi na bila baraza kumjua. Na atakayeona mwaminifu mwenye picha za logibuku amekataliwa huku mwenye cheti bandia kinachong'aa amepita, atajifunza somo baya mno. Mkimpa mtihani mnamfahamu, mnamsimamia, na akikosea mnaye mkononi.

Familia nazo zilitoa. Wapo waliouza kiwanja, wapo waliouza mikarafuu. Wazazi wa mabinti wanaanza kusikia maneno kwamba miaka inakwenda, aolewe tu, udaktari haukuwa riziki yake. Kila muhula mnaochelewa kuamua, baadhi ya mabinti hao wanaondoka kwenye fani moja kwa moja.

8. Maombi yangu kwenu ni haya.

Kwanza, tangazeni ushahidi mbadala mtakaoukubali pale chuo kisipoweza kujibu: picha za matokeo, kadi ya mwanafunzi, barua pepe za chuo, logibuku, kiapo mbele ya wakili, na maelezo ya walimu wawili waliomfundisha, popote walipo sasa. Andikeni wazi kwamba atakayedanganya atafungiwa maisha na kushtakiwa. Wakweli hawataogopa sharti hilo.

Pili, wekeni mtihani wa kupanga ngazi, nadharia na kliniki, utakaofanyika angalau mara mbili kwa mwaka. Atakayefikia kiwango cha mwaka wa nne aingie mwaka wa nne, asirudishwe wa kwanza. Tume za vyuo vikuu zivielekeze vyuo vitenge nafasi chache kila mwaka kwa ajili yao, na bodi za mikopo ziwahesabu raia waliorudi kama waombaji wengine.

Tatu, aliyehitimu bila cheti apewe usajili wa muda wenye masharti: apite mtihani wa baraza kama wenzake, kisha utarajali mrefu kuliko wa kawaida, mwaka mmoja na nusu au hata miwili, katika hospitali yenye wasimamizi wa kutosha. Idara atakayoonekana dhaifu airudie.

Nne, lugha isiwe kaburi la Mkongo na Mrundi. Wamesoma kwa Kifaransa. Wapeni muda wa kujifunza Kiingereza cha mtihani, na sehemu ya kuzungumza na mgonjwa ipimwe kwa Kiswahili. Katika wodi ninayofanyia kazi mgonjwa huongea Kiswahili, na nimeona vijana waliosoma kwa Kiingereza tangu chekechea wakishindwa kumwuliza bibi kizee habari ya choo chake kwa staha. Mtoto wa Bukavu hatashindwa.

Tano, kipimo kimoja kitambuliwe na nchi zote za Jumuiya. Itifaki ya Soko la Pamoja inazungumzia kutambuliana sifa za kitaaluma, na Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki lina makao yake Kampala. Aliyepimwa Kigali asipimwe upya Nairobi. Na kwa walio kambini, watahini wawafuate Kigoma au Isingiro, au vibali vya kutoka kambini vitolewe kwa ajili ya mtihani, ili mtu asikose leseni kwa kukosa ruhusa ya kupanda basi.

Sita, kila mwaka chapisheni idadi: walioomba, waliofanya mtihani, waliofaulu, waliofeli. Wakifeli wengi, wananchi wataona kwamba mlango ni mwembamba na una mlinzi. Wakifaulu wengi, mtajua mlichokuwa mmekizuia.

Naomba mwongozo wa pamoja utangazwe kabla ya dirisha lijalo la udahili, kwa sababu baada ya hapo ni mwaka mwingine mzima. Kama kinachokosekana ni watahini, wako madaktari wanaofundisha wodini ambao nimezungumza nao, nami nikiwa mmoja wao. Tuiteni Jumamosi na Jumapili. Tutakaa kwenye meza ya mtihani bila posho.

Wenu katika taaluma,

Daktari msimamizi wa watarajali